Sita wa Woodlawn, Sita wa Darajani

Mji wa Baltimore, jimbo la Maryland nchini Marekani, umezungushiwa barabara kuu inayoitwa I-695. Ni duara la zaidi ya kilomita 80, na dereva akiishika asitoke atajikuta amerudi alikoanzia. Upande wa magharibi inapita Woodlawn, kitongoji cha maofisi na makazi. Upande wa kusini-mashariki, hadi Machi 2024, ilikuwa ikivuka Mto Patapsco juu ya daraja la chuma la Francis Scott Key, lililofunguliwa mwaka 1977. Katika kipindi cha mwaka mmoja na siku nne, watu 12 waliokuwa wakiihudumia barabara hiyo walikufa wakiwa kazini: sita Woodlawn, sita darajani. Barabara moja, idadi moja, na sababu mbili ambazo ukizitazama harakaharaka utadhani hazina undugu wowote.

Ya Woodlawn ilitokea Jumatano, 22 Machi 2023, mchana kweupe, saa sita na nusu na ushei. Mradi ulikuwa wa kugeuza bega la ndani la barabara, lile la upande wa katikati, liwe njia ya ziada ya kupitisha magari saa za foleni. Kwa hiyo mafundi hawakuwa pembeni kama tulivyozoea kuwaona. Walikuwa katikati kabisa, magari yakipita kulia na kushoto kwao, wao wakiwa nyuma ya vizuizi vya zege.

Vizuizi hivyo inafaa tuvitazame vizuri. Kipande kimoja kina uzito wa tani na zaidi, kinamfika mtu karibu na kiuno, na ubavu wake umelazwa kidogo kwa chini ili tairi likikigusa lipande kidogo, kisha lirudishwe barabarani badala ya gari kujibamiza. Vikipangwa mstari na kushikanishwa vinakuwa ukuta ambao gari dogo haliuwezi. Lakini ukuta wa eneo la kazi hauwezi kuwa mzima. Lori la zege lazima liingie, mtambo lazima utoke, mkaguzi lazima apite na pikapu yake. Basi mahali fulani vipande viwili haviungani. Panaachwa mwanya.

Magari mawili madogo yalikuja yakikimbia zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160, mahali ambapo kikomo kilikuwa maili 55, kama kilomita 88. Moja lilikuwa linahama njia, likagongana na jingine, likashindwa kushikika. Lingeyumba mapema kidogo au kuchelewa kidogo lingekutana na zege. Lilikutana na mwanya. Likaingia, likawapitia waliokuwa ndani, likapinduka. Wanaume watano na mwanamke mmoja walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watu wa familia moja. Dereva wa gari lililoingia alipelekwa hospitali akiwa hai. Baadaye madereva wote wawili walishtakiwa.

Ni rahisi kusema waliwaua wendawazimu wawili wa mwendo, tukafunga faili. Na ni kweli waliwaua. Gari linalokwenda kilomita 160 kwa saa linakula mita 44 kila sekunde, na mtu aliyeinama akifunga nondo hana sekunde ya kugeuka, kuona, kuamua na kuruka. Tena nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, pigo linazidi mara nne. Dereva anayejiambia kwamba ameongeza “kidogo tu” hajui anachokizidisha.

Ila mwenye mwendo wa kichaa yupo kila barabara, kila siku, Baltimore hadi Chalinze, na anayepanga eneo la kazi analijua hilo kabla hajaweka koni ya kwanza. Hawezi kumfuta duniani. Anachoweza ni kuamua mwanya ukae wapi, utazame upande gani, na watu wasimame umbali gani nao. Ukuta wenye mlango unamlinda mtu ambaye hajasimama mlangoni. Hili, kwa maoni yangu, ndilo ambalo matangazo ya usalama hayalisemi vya kutosha, kwa sababu matangazo humlenga dereva, na dereva hapangi vizuizi.

Maryland ilichukua hatua. Gavana Wes Moore aliunda kamati ya kuangalia usalama wa maeneo ya kazi barabarani, akamweka mbele naibu wake, Aruna Miller, ambaye kabla ya siasa alikuwa mhandisi wa usafirishaji. Walipokaa kuangalia sheria, walikuta kichekesho. Jimbo lilikuwa na tochi za kupiga picha magari yanayokimbia kwenye maeneo ya kazi, na tochi hizo hazikumgusa mtu mpaka azidishe kikomo kwa maili 12 na kuendelea. Aliyenaswa alilipa dola 40. Aliyezidisha maili 12 alilipa 40, na aliyezidisha maili 60, akaja kama risasi, alilipa 40 zilezile. Sheria mpya ya 2024 ya kuwalinda wafanyakazi wa barabarani ilipandisha faini, ikaipanga ngazi kwa ngazi kufuatana na mwendo, na kuruhusu tochi zaidi.

Wakati mambo hayo yakiwa bado mezani, upande wa pili wa duara ukaita.

Usiku wa kuamkia Jumanne, 26 Machi 2024, kikosi cha mafundi kilikuwa juu ya Daraja la Francis Scott Key kikiziba mashimo. Kazi ya mashimo hufanywa usiku kwa sababu magari ni machache; ndiyo hekima ya kawaida, na si mbaya. Mafundi wengi walikuwa wahamiaji kutoka Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Saa saba na ushei usiku walikuwa mapumzikoni, wengi wamekaa ndani ya magari yao ya kazi, kama mafundi wa popote wanavyojibanza garini kupumzisha miguu. Chini yao, meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu wa mita 300, ilikuwa imetoka bandarini ikielekea Colombo, Sri Lanka.

Meli ilizimika umeme. Taa zikafa, zikawaka, zikafa tena. Rubani wa bandari, yule anayezielekeza meli zitoke salama, akatoa taarifa ya hatari, na taarifa ikapita kutoka kituo hadi kituo mpaka ikawafikia askari wa mamlaka ya usafiri waliokuwa karibu na daraja. Askari walifanya kazi yao barabara. Mmoja akafunga upande huu, mwingine upande ule, magari yakasimama. Redioni alisikika askari mmoja akisema kwamba mwenzake akifika tu kushika nafasi yake, yeye ataingia darajani kuwaita mafundi. Hakuwahi. Saa saba na dakika 29 meli iligonga nguzo, na daraja lote la katikati likaenda majini. Juu yake walikuwapo watu wanane: mafundi saba na mkaguzi. Sita walikufa.

Madereva waliokuwa wakija walikoma ukingoni wakiwa wazima. Hilo lisisahaulike, maana bila wale askari tungekuwa tunahesabu idadi nyingine. Lakini tazama njia ambayo onyo lilipita. Lilitoka melini, likafika kituoni, likafika kwa askari, likafika kwa dereva ambaye hajulikani jina wala safari yake. Halikuwafika watu ambao askari redioni walijua wapo pale juu. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, chombo kinachochunguza ajali za Marekani, ilimaliza uchunguzi mwishoni mwa 2025. Chanzo cha meli kuzimika kilikuwa waya mmoja ambao haukukaa vizuri mahali pake kwa sababu ya kibandiko cha jina lake. Na kuhusu mafundi, bodi ilisema kwamba wangeambiwa wakati uleule askari walipoambiwa wafunge daraja, huenda wangepata muda wa kuendesha hadi sehemu ambayo haikuanguka. Muda wenyewe ni kama dakika moja na nusu. Wengi walikuwa wamekaa ndani ya magari. Walichohitaji ni simu kulia.

Hapo ndipo Woodlawn na darajani zinapokutana. Kule, ukuta ulijengwa ukaachwa wazi mahali pa watu. Huku, onyo lilijengwa likaachwa wazi mahali pa watu. Eneo la kazi barabarani hupangwa kwanza kwa ajili ya magari: yapite, yasisimame sana, yasilalamike. Mtu aliye ndani anakuja baadaye kwenye hesabu, na wakati mwingine haji kabisa.

Mwezi uliofuata, Aprili 2024, ilikuwa zamu ya Maryland kuwa mwenyeji wa uzinduzi wa kitaifa wa wiki ya uhamasishaji wa usalama katika maeneo ya kazi barabarani. Wiki hii ilianzia Virginia mwaka 1997, ikawa ya taifa zima tangu 2000, na hufanyika masika, baridi inapoisha na mitambo ikitoka tena mabandani. Watu huvaa rangi ya machungwa, madaraja huwashwa taa za rangi hiyo, na kuna ukuta wa kumbukumbu unaosafirishwa jimbo kwa jimbo ukiwa na majina ya waliokufa. Anayeyasoma majina yale kwa haraka atadhani ni ya mafundi tu. Kwa kweli, katika watu wanaokufa kwenye maeneo ya kazi barabarani Marekani, wanne kati ya watano si mafundi. Ni madereva na abiria. Mwaka 2021 walikufa watu zaidi ya 900 kwa jumla, na ajali iliyozoeleka mno ni ya kugonga nyuma ya foleni: magari yamepunguza mwendo kwa sababu ya kazi iliyo mbele, na mmoja anakuja nyuma akiwa bado yuko kwenye mwendo wa jana.

Kwa hiyo dereva anayepunguza mwendo kwenye koni hamfanyii fundi hisani. Anajinusuru mwenyewe kwanza.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo likieleweka linabadilisha namna mtu anavyopita. Eneo la kazi lililopangwa vizuri lina sehemu nne. Kwanza ni sehemu ya tangazo, vibao vinavyokuambia mbele kuna kazi. Kisha sehemu ya kuhamisha, mstari wa koni unaokubana taratibu utoke kwenye njia yako uingie nyingine. Kisha kazi yenyewe. Mwisho, sehemu ya kukurudisha. Mstari wa koni wa kuhamisha haupangwi kwa makadirio ya macho. Wamarekani, kwa barabara ya maili 55 kwa saa na njia ya upana wa kawaida, wanautaka uwe na urefu wa mita 200 hivi. Mita 200 za koni ili kufunga njia moja tu! Ukiuona hivyo utadhani wana koni za kuchezea, mpaka upige hesabu: kwa mwendo huo, mita 200 ni sekunde nane. Sekunde nane za kuona, kutazama kioo, kuashiria, kusubiri mwenye lori akupishe, na kuhama.

Na kati ya mwisho wa koni hizo na fundi wa kwanza huachwa kipande kitupu. Hakuna mtu, hakuna mtambo, hakuna kifusi. Kimeachwa makusudi: gari likivunja koni, lipate mahali pa kufia kabla ya kumfikia mtu. Kipande hiki ndicho kinachowaponza madereva wasiojua. Wanaona barabara nzuri imefungwa na hapafanyiki kitu, wanatukana serikali, kisha wanaingia humo ili kuwahi. Wakifika mwisho wake wanamkuta aliyekuwa analindwa.

Tukija nyumbani Tanzania, sihitaji kueleza kutanua ni nini. Yeyote aliyekaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro wakati kipande cha Kimara hadi Kibaha kilipokuwa kinapanuliwa, au Barabara ya Kilwa ilipochimbwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka ya Mbagala, amewaona wanaotanua. Foleni imesimama, daladala linachomoka kushoto, linapita kwenye udongo ulioshindiliwa jana, linazunguka pipa, linachomekea mbele. Konda anapiga bodi kwa furaha. Na abiria, tuwe wakweli, nusu yao wanashangilia. “Dereva wetu huyo!” Mmoja akijaribu kusema taratibu anaambiwa kama haraka hana ateremke. Dereva anayetanua mara nyingi anakuwa amekwisha kupigiwa kura na wote waliomo garini. Kama kuna mahali pa kuanzia elimu ya usalama wa maeneo ya kazi, ni kwenye kiti cha abiria, kwa sababu dereva anasikia kelele za nyuma yake kabla ya kusoma kibao kilicho mbele.

Nyumbani mianya hatuachi kwa mpango, tunaitengeneza. Mkandarasi anaweka mapipa yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kati ya pipa na pipa anafunga utepe wa plastiki. Asubuhi ya pili utepe umekwenda kuanikia nguo. Pipa moja limesogezwa na vijana wa bodaboda wapate njia ya mkato, maana njia ya mchepuko ina vumbi na mashimo na inamzungusha mtu. Siku ya tatu hata mwenye baiskeli anajua pa kupita. Siku ya nne au ya tano mafundi wanachimba kalavati palepale, wanamaliza zamu jua likizama, wanarudisha pipa lilipokuwa, na usiku mtu analisogeza kama kawaida yake, taratibu, bila ubaya wowote moyoni. Anayekuja nyuma saa nne usiku na pikipiki yenye taa ya kufifia anakuta njia yake aliyoizoea iko wazi. Shimo halikuwapo jana.

Hii ni picha ya mambo yanayojulikana, sina haja ya kuitaja barabara. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba hakuna mhalifu ndani yake. Aliyechukua utepe alitaka kamba. Aliyesogeza pipa alitaka kuwahi abiria. Mkandarasi alifuata mkataba mpaka saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja amefungua kidogo tu, na mianya yote ikakaa mstari mmoja.

Vibao navyo vina maisha yao. Kibao cha chuma kikisimikwa kwenye nguzo ya chuma, siku zake huhesabiwa na bei ya vyuma chakavu. TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania, wamelalamika miaka nenda rudi juu ya wizi wa alama za barabarani, hata baadhi ya vibao sasa hutengenezwa kwa vitu visivyouzika kwenye mizani. Anayenunua kibao cha tahadhari kwa kilo anajua anachonunua, kimeandikwa.

Halafu kuna lami mpya. Mkandarasi akimwaga mkeka, anataka upoe na ushike kabla magari hayajaukanyaga, na kwa kukosa vizuizi anapanga mawe. Mawe makubwa, meusi au ya kijivu, katikati ya lami nyeusi. Mchana yanaonekana. Usiku, lami mpya isiyo na mistari myeupe inameza mwanga wa taa, na mawe hayo hubaki pale hata baada ya barabara kufunguliwa, kwa sababu aliyelipwa kuyapanga hakulipwa kuyaondoa. Tunao pia utaratibu wetu wa matawi: gari likiharibika au barabara ikikatika, watu huvunja matawi na kuyatandaza njiani kama onyo. Ni utaratibu mzuri, unaeleweka na kila dereva wa Afrika Mashariki, na umewaokoa watu wengi kuliko vibao vingi. Kasoro yake ni umbali. Tawi lililowekwa mita kumi kutoka kwenye hatari linamwambia mwenye lori lenye tani 30, linaloteremka mlima, habari ambayo hawezi tena kuitumia. Anayeweka matawi na aende nyuma, apite kona, apite kilele cha mlima, aweke pale ambapo foleni bado haionekani. Miguu itauma. Aende tu.

Kenya walijifunza kwa upande wa waenda kwa miguu. Barabara kuu ya Thika ilijengwa kati ya 2009 na 2012, kama kilomita 50 kutoka Nairobi, sehemu fulani ikiwa na njia nane. Njia za magari zilianza kupitika kabla vivuko vya juu havijakamilika. Watu waliozoea kuvuka barabara ya zamani kwenda sokoni, shuleni, kanisani, waliamka wakakuta mto wa magari, bila daraja, na wakaendelea kuvuka, kwa sababu soko lilikuwa upande ule. Wengi waligongwa. Lawama zikawaangukia wao: hawajui kutumia barabara. Barabara ilikuwa haijaisha. Ilikuwa eneo la kazi lililofunguliwa kwa magari na kufungwa kwa miguu.

Eneo la kazi la kwetu, tena, si la mafundi peke yao. Linafuatwa na mama lishe na masufuria yake, muuza maji na ndoo kichwani, vijana wanaosubiri kama leo vibarua watachukuliwa, na watoto wanaokuja kulitazama greda kwa mapenzi yote. Mama lishe hujua saa ya chakula kuliko msimamizi. Hatari yake kubwa haiko barabarani, iko nyuma ya mtambo. Marekani kwenyewe, pamoja na vifaa vyao vyote, sehemu kubwa ya mafundi wanaogongwa hugongwa na malori na mitambo ya kazini kwao, hasa ikirudi nyuma. Dereva wa greda aliyekaa juu haoni kilichoinama nyuma ya tairi. Kanuni wanayofundishana mafundi wazoefu ni moja: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo, naye hakuoni. Inafaa ifike mpaka kwenye masufuria.

Mshika bendera ndiye ninayemwonea huruma zaidi. Mara nyingi ni kijana mdogo kuliko wote kikosini, au dada aliyeajiriwa wiki iliyopita, kwa dhana kwamba kupunga bendera hakuhitaji ufundi. Amepewa kizibao cha njano kilichofifia kwa kufuliwa, bendera nyekundu iliyokuwa kitambaa cha kitu kingine, na mwenzake yuko upande wa pili wa kona asikoweza kumwona. Jua likiwa kali anasogea kivulini, na kivuli kiko upande usioonekana na magari. Boza la maji halijapita, vumbi limesimama. Yeye ndiye anayeamua kama basi la abiria 60 likutane na lori uso kwa uso au lisikutane, na madereva wanamtukana akiwasimamisha dakika tano. Redio mbili za mkononi kati yake na mwenzake zingemtoa kwenye kubahatisha. Zingefaa pia kwa yale yasiyotarajiwa, kama lori lililokatika breki huko juu: anayelipisha awape habari waliomo ndani kwanza, kabla ya kuhangaika na foleni. Baltimore ilikuwa na redio. Iliyokosekana ilikuwa sauti moja kwenye redio hizo inayowahusu mafundi.

Nako huko Baltimore, daraja lilipoanguka, malori yaliyobeba shehena za hatari, ambayo hayaruhusiwi kupita kwenye mahandaki ya chini ya bandari, yalielekezwa yazunguke I-695 kwa upande wa magharibi. Ndiyo njia inayopita Woodlawn. Ajali ya pili ilimwagia magari mazito mahali pa ajali ya kwanza, nao waliokuwa wakifanya kazi upande ule wakapata wageni wapya bila kuulizwa.

Kwetu, kila mradi mkubwa wa barabara una bango kubwa mwanzoni. Linasimama imara, haliibwi haraka, na limeandikwa kwa herufi ambazo hata mwenye macho mabovu anazisoma: jina la mradi, mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, mfadhili, mara nyingine na gharama. Mwenye bodaboda anayepita saa tano usiku akakuta pipa limesogezwa na kalavati liko wazi, akisimama mbele ya bango hilo na simu mkononi, atajua ni nani aliyetoa fedha. Namba ya kumpigia mlinzi wa usiku wa eneo hilo mara nyingi haimo.